Barua za Kuliza

Barua ya Déborah ilikuwa na kurasa mbili, na kwenye ukurasa wa pili alikuwa amechora ramani ya mabomba ya maji ya mtaa wao wa Kadutu, kule Bukavu. Palipopasuka alitia msalaba, palipokauka alitia duara. Chini ya ramani aliandika kwamba tangu darasa la nne alikuwa akiteka maji kwenye chemchemi kila asubuhi kabla ya shule, na kwamba alipofika sekondari alianza kujiuliza kwa nini maji yanapita chini ya miguu yake na kwao hayafiki. Alitaka kusomea uhandisi wa maji. Baba yake alikuwa fundi wa matofali, mama yake alikuwa akiuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, sokoni. Kwenye mtihani wa serikali alipata asilimia sabini na nne. Basi. Hakuongeza neno.

Jeannine aliisoma amesimama jikoni kwake, Handsworth, mjini Birmingham, na alipoirudia alijikuta anatabasamu peke yake. Alikuwa amefundisha shule Uvira kwa miaka tisa kabla ya vita kumtoa, na mwalimu humjua mwanafunzi kwa karatasi kabla hajamwona uso. Sasa, mwaka 2007, alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Asubuhi alisafisha ofisi, mchana akiwatafsiria wagonjwa hospitalini, na barua hizi alizitafsiri bure, kwa sababu ndiyo kazi pekee iliyomkumbusha darasa.

Barua zilikuwa za Mfuko wa Swaran. Swaran alikuwa mke wa Gurdev Singh, Mhindi wa Kisumu aliyehamia Birmingham miaka ya sitini na kutajirika kwa duka la vifaa vya ujenzi. Swaran alipougua ugonjwa wake wa mwisho, aliyemwosha na kumlisha alikuwa mama mmoja wa Kikongo, Sabine. Alipofariki, mumewe alitaka kurudisha wema, akaanzisha mfuko wa kumlipia kijana mmoja kila mwaka, kutoka Kongo ya mashariki, aje kusoma chuo hapa mjini. Naye Emery, mume wa Sabine, shemasi kanisani na mwenye sauti ya kubembeleza, akawa katibu. Barua zote zilipita mikononi mwake.

Siku ile Emery alikuja kuchukua tafsiri. Aliisoma ya Déborah akiwa hajakaa bado, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha nyama iliyooza buchani.

"Mama Jeannine, hii barua haiko na kitu."

"Iko na ramani, Papa Emery. Umeona ramani? Huyu mtoto ana akili."

"Akili beko nayo wengi. Haiko na damu. Bale bazee banataka kulia. Wasipolia, hawatoi." Alisogeza kiti. "Tia kidogo. Baba mtu amekufa, ama mama alitendewa vibaya na askari. Nani atakwenda Kadutu kuuliza?"

"Baba yake ni mzima. Anafyatua matofali."

"Wewe si umekwisha kutia kidogo zamani? Leo umekuwa mtakatifu?"

Hapo alimgusa pabaya. Miaka miwili nyuma kijana mmoja aliandika kwamba siku nyingine hawali mchana, na Jeannine, kwa ushawishi wa Emery, aliitafsiri kwamba nyumba ile hula mara moja kwa siku tatu. Kijana alipata ufadhili. Watu walimpongeza mfasiri, wakamkatia keki. Tangu hapo kila alipoikumbuka sentensi ile alihisi ladha ya kutu mdomoni.

"Siwezi kuua baba wa mtu," alisema. "Peleka hivyo hivyo."

Emery alizikunja karatasi, akatabasamu, akaaga kwa amani ya Bwana.

Juma lililofuata Emery alibanwa na shughuli za kanisa, akamwomba Jeannine apeleke bahasha ya maombi mengine nyumbani kwa Gurdev. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia mle. Mzee alimkaribisha sebuleni, chini ya picha kubwa ya Swaran iliyozungushiwa maua, akamletea chai ya tangawizi yeye mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu, na miaka arobaini ya Uingereza haikukilegeza.

"Kaa, mama, kunywa chai kwanza. Wewe ndiye unatutafsiria? Mungu akubariki. Hizi barua zimenifunza mambo." Alivuta faili kutoka kabatini. "Ngoja nikuonyeshe moja. Ya yule kijana Lionel, wa mwaka jana. Hiyo Emery alitafsiri mwenyewe. Mimi huisoma kila Jumapili. Wajukuu wangu wakikataa chakula, nawakalisha hapo, nawasomea, ndio wajue watoto wenzao wamepitia nini."

Jeannine alimjua Lionel, nani hakumjua? Kijana mwungwana, mtoto wa muuza vipuri wa Bukavu, anayepiga kinanda kanisani na kusoma biashara chuoni. Jeannine alipokea karatasi kwa adabu tu.

Iliandikwa kwa Kiingereza. Ilisema kwamba mwaka 1996, askari walipoingia mjini, Lionel na kaka yake walikimbia kwa miguu barabara ya Baraka, ziwa likiwa upande wa kushoto. Kwamba kaka alipigwa risasi ya tumbo, akakata roho alfajiri chini ya mti wa mpera. Kwamba yeye aliyebaki hakuwa na viatu, na safari ilikuwa bado ndefu, hivyo alimvua marehemu viatu vyake kabla mwili haujapoa, akajaza majani ya mgomba mbele kwa kuwa vilikuwa vikubwa, akavivaa, akaondoka bila kutazama nyuma.

Jeannine aliacha kusoma.

Viatu vile vilikuwa vyeusi, vya kamba, na kamba ya kushoto ilikuwa waya. Vilikuwa vya Ombeni, kaka yake Jeannine, mkubwa wake kwa miaka mitatu. Majani alijaza yeye. Asiyetazama nyuma ni yeye. Jambo lile alilisema mara moja tu maishani, sebuleni kwa Sabine, katika maombi ya akina mama, mlango umefungwa, baada ya Sabine kumshika mikono na kumwambia kwamba mzigo unaosemwa hupungua uzito. Hata binti yake wa kumzaa hakulijua.

"Ni ngumu kusoma, eh?" Gurdev aliuliza. Alikuwa ameegemea mbele, akimwangalia uso kama mwenyeji anayengoja mgeni aonje mchuzi wake. "Ukifika pale kwa viatu, hapo ndipo mimi nalia. Kila mara."

Jeannine aliomba aonyeshwe choo. Alipiga magoti juu ya mkeka mweupe, akatapika chai yote, na chai ilipokwisha akatapika nyongo. Akasukutua. Akaufuta ukingo wa choo kwa karatasi, mara tatu, kwa mazoea ya kazi yake. Aliporudi mzee alimuuliza kama tangawizi ilikuwa kali, naye akajibu kwamba alikula kitu kibaya asubuhi. Angesema nini? Ili aseme ni uwongo wa Lionel, ingebidi aseme ni ukweli wa nani.

Kutoka pale alipanda mabasi mawili hadi Sparkbrook, kwa Emery. Alimkuta mezani, anakula ugali na samaki. Sabine ndiye aliyefungua mlango, na alipomwona Jeannine uso wake ukasawijika, kana kwamba mwaka mzima alikuwa anaingoja siku hii.

"Nimesoma barua ya Lionel," Jeannine alisema.

Emery alitafuna hadi akamaliza. "Kaa kwanza, mama."

"Sikai. Nani alikupa ruhusa?"

"Lionel alikuwa na barua gani? 'Baba yangu anauza vipuri, ninapenda biashara.' Nani angempa bourse ya kusoma kwa hiyo? Nilimsaidia."

"Kwa kilio changu?"

"Cha kwako peke yako?" Alinawa vidole katika bakuli, polepole. "Ile ni ya sisi sote. Nani kwetu hakuzika mtu njiani?"

"Mimi sikumzika Ombeni," Jeannine alisema. "Nilimvua viatu."

Sabine, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, alijifunika uso kwa taulo ya vyombo. "Nilimwambia kwa uchungu tu, dada," alisema. "Nilikuwa ninakulilia. Sikujua atakwenda kuandika."

Emery hakumtazama mkewe. Mfupa wa samaki ulikuwa umenasa menoni, akawa anautafuta kwa ukucha huku anaongea, na Jeannine aliona mafuta yaking'aa kwenye kidevu chake, akageuza macho yake ukutani.

"Nisikilize, mwalimu. Miaka minne, batoto banne. Leo beko chuoni, banaandika nyumbani, banasaidia wazazi wao. Mimi ndiye nimewaleta. Wewe na ukweli wako, umeleta nani?"

Jeannine aliwahesabu kimoyomoyo, wote wanne, na hesabu ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomkera zaidi ya yote.

"Ya Déborah," alisema mwishowe, "usiiguse."

"Itakwenda kama ulivyoitafsiri. Neno langu mbele ya Mungu. Lakini na wewe Jumamosi uje utafsiri mahojiano. Yule mtoto hajui Kiingereza, na mjumbe mmoja wa kamati hajui Kiswahili. Usipokuja, utamwangusha wewe."

Kwa sababu hiyo alikwenda. Moyo ulimwambia asiende, lakini alimfikiria msichana wa Kadutu amekaa mbele ya simu, anaulizwa kwa lugha asiyoijua.

Jumamosi adhuhuri walikaa wanne kwenye meza ya chakula ya Gurdev, simu ikiwa katikati, imefunguliwa sauti ili wote wasikie. Alikuwapo Gurdev mwenyewe, Emery katika suti ya kijivu, Jeannine, na mjumbe wa tatu wa kamati, Kanta, muuguzi mstaafu, Mhindi wa Jinja aliyefukuzwa Uganda pamoja na wenzake mwaka sabini na mbili. Kanta alivaa miwani minene na hakuwa msemaji.

Simu iliita mara mbili, ikapokelewa, na sauti ya msichana ikajaza chumba, safi kama yuko jirani. Aliwasalimu mmoja mmoja, shikamoo baada ya shikamoo. Gurdev alimuuliza kwa Kiswahili habari za mitihani, akajibu vizuri. Alieleza pampu, alieleza mteremko wa mlima, alieleza kwa nini bomba lililolazwa juu juu hupasuka mvua ikinyesha. Jeannine alimtafsiria Kanta neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza juma lile alihisi kifua kimefunguka.

Kisha Gurdev alikohoa, akamtazama Kanta, na Kanta akainua karatasi yake. Aliuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. Alisema anajua ni swali zito, na binti anaweza kukataa kujibu. Lakini wangependa kusikia kwa kinywa chake, kuhusu siku ambayo wanajeshi walimchoma baba yake katika tanuru la matofali yake mwenyewe.

Jeannine alidhani hakusikia sawa. Alinyoosha mkono, akaichukua karatasi ile kutoka mikononi mwa Kanta bila kuomba. Ilikuwa barua ya Déborah, lakini ramani haikuwapo. Palipokuwa na chemchemi sasa palikuwa na tanuru, na moto, na msichana aliyejificha nyuma ya rundo la udongo akisikia baba yake anaita jina lake. Mwandishi alitia hata harufu. Emery alikuwa ameangalia dirishani, mikono ameikunja juu ya tai.

"Mama?" sauti ya Déborah ilitoka simuni. "Wanauliza nini?"

Jeannine aliiweka karatasi mezani. Aliweza kubuni swali jingine. Kanta hakuelewa Kiswahili vizuri, na Gurdev angedhani ni huruma tu. Alitafsiri swali kama lilivyoulizwa, neno kwa neno.

"Baba?" Déborah alisema. "Baba yuko hapa kwa mlango. Anangoja nimalize, simu ni ya kwake." Wakasikia anageuka, anaita. "Baba, banasema ulichomwa." Na sauti ya mwanamume, nzito, ya mbali, ikauliza, "Nani anasema?"

Gurdev alikuwa ameelewa kila neno. Jeannine alimtafsiria Kanta hata hivyo, mpaka lile la mwisho.

"Laini ni mbaya," Emery alisema haraka. "Huenda ni baba mdogo. Kwetu baba mdogo pia tunamwita..."

"Nyamaza," Jeannine alisema. Halafu akawaeleza, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, akichanganya zote mbili. Aliwaambia barua halisi ilikuwaje. Aliwaambia kuhusu kijana aliyekula mara moja kwa siku tatu, kwamba hilo aliliandika yeye, kwa mkono wake, na hataki kulificha. Aliwaambia kwamba baba yake Lionel anauza vipuri na kaka zake wote ni wazima.

"Na vile viatu?" Gurdev aliuliza.

"Vilikuwa vya kaka yangu. Aliyevivaa ni mimi."

Mzee alimgeukia. Jeannine alitarajia lolote: aibu, pole, hata hasira. Alichokiona usoni mwake ni sura ya mnunuzi aliyeuziwa saa bandia.

"Ulikaa kwa kiti changu," Gurdev alisema, "ukanywa chai yangu, ukanyamaza. Nimewasomea wajukuu wangu ile barua mwaka mzima. Sasa nitawaambia nini?" Aligeukia picha ya mkewe. "Jina la Swaran limetiwa uchafu. Huu mfuko nafunga. Leo."

"Na mtoto?" Jeannine aliuliza.

"Mtoto gani?"

Mezani, kutoka ndani ya simu, Déborah alikuwa anasema, "Allô? Allô? Mungali hapo?" Alikuwa amesema hivyo kitambo, na hakuna aliyemjibu. Jeannine aliinamia simu, akamwambia, "Mwanangu, tutakupigia. Samahani. Mwambie baba samahani." Kinyaa kilichomshika saa ile hakikuwa cha Emery peke yake. Kilikuwa cha meza nzima, ya vikombe na biskuti, na cha nafsi yake iliyokaa pale na kalamu.

Emery aliondoka bila kuaga. Jeannine alipokuwa anavaa koti ukumbini, Kanta alimfuata. Alitafuta maneno, Kiswahili chake kikiwa cha dukani, kilichokaa miaka mingi bila kutumiwa.

"Sisi kuja hapa, sabini na mbili, tuliwekwa kambi. Watu wa kamera walikuja. Dada yangu alilia, yeye alipata picha, blanketi, nyumba mapema. Mimi sikulia. Mimi nikaambiwa, sogea." Alivua miwani, akaifuta. "Mimi leo nauliza yule msichana swali kama wale watu. Nasikia vibaya sana. Iko ile ramani?"

Nakala ilikuwapo nyumbani. Kuanzia Jumanne iliyofuata wanawake wale wawili walikutana kwenye kompyuta za maktaba, kila mmoja kwa saa yake moja anayoruhusiwa, wakitafuta mahali pengine. Haikuwa kazi ya kufurahisha. Tovuti nyingine zilikuwa za matapeli wazi, zikidai ada ya kufungua tu fomu, na picha ya kijana mwenye joho anayecheka. Nyingine hazikuwataka Wakongo. Moja, ya shirika lenye jina zuri, iliweka nafasi ya maneno mia tano ya kueleza maafa yaliyompata mwombaji, na chini yake imeandikwa kwamba maelezo ya kina yatasaidia. Kanta aliifunga mwenyewe, akabofya kwa nguvu kana kwamba anaua mende.

Wiki ya sita walipata chuo kikuu kimoja cha Uganda kilichokuwa na nafasi za wanafunzi wa nchi za maziwa makuu. Fomu iliuliza matokeo, majina ya walimu wawili, na kazi yoyote ambayo mwombaji amekwisha kuifanya katika fani yake. Walituma ramani ya Kadutu. Majibu yalikuja baada ya miezi minne: karo imelipwa, chakula na malazi ajitegemee. Baba mtu aliongeza tanuru la pili. Januari Déborah alivuka mpaka akiwa na sanduku la bati, na mwezi wa tatu alimpigia Jeannine kulalamika kwamba hisabati ya kule ni ya Kiingereza kitupu na amepata thelathini kwa mia. Jeannine alimwambia aache simu akasome.

Kanisani mambo yalikuwa mengine. Ilienea kwamba Jeannine amefunga mlango wa watoto wa watu kwa wivu. Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa anangoja zamu yake, alihama benchi kila Jeannine alipokaa hapo. Sabine alimtumia salamu kwa mtu wa tatu, lakini hakuja. Lionel ndiye aliyekuja. Alisimama mlangoni Jumapili moja, amevua kofia, akakubali chai, akaishika bila kuinywa.

"Papa Emery aliniambia ni habari ya mtu aliyekwisha kufa," alisema. "Nilifikiri mtu wa namna hiyo haumii tena. Nisamehe, mama."

Jeannine alimwambia amemsamehe. Kijana alilia, akashukuru, akaenda zake. Jeannine aliosha kikombe chake kwa sabuni, akakiosha tena, kisha akakitia katika mfuko wa takataka, na alijua kwamba hajasamehe, na kwamba huenda itachukua miaka.

Emery alikutana naye mwaka uliofuata, kwenye kituo cha basi cha Soho Road, mbele ya duka la mboga. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimsalimu kwa furaha, kama ndugu waliopotezana, akamnyooshea mkono.

"Mwalimu! Mungu ni mwema, nilikuwa ninakutafuta. Kuna kanisa moja la Wazungu, mji mwingine, banataka kutoa bourse. Safari hii banataka wasichana. Nina barua kumi na mbili. Wewe ndiye unaandika Kiingereza kizuri. Yale ya zamani tuyaache kwa Bwana."

Mkono ulikuwa bado hewani. Jeannine aliuangalia, vidole vinene na kucha zilizokatwa vizuri, akasogea hatua moja nyuma.

"Siwezi, Papa Emery."

"Juu ya nini? Ni batoto, mama. Batoto kumi na mbili."

"Siwezi hata kusimama karibu na wewe. Tumbo langu linakataa. Niandikie jina la lile kanisa."

Tabasamu lilipungua. "La nini?"

"Nitawapigia simu mimi mwenyewe. Kesho asubuhi."

Emery alirudisha mkono mfukoni. Alianza kueleza jambo, kuhusu umoja na kuhusu adui wa kazi ya Mungu, lakini basi lilikuwa limefika na watu walikuwa wanapanda. Jeannine alipanda nao. Jina hakupewa, ila makanisa ya Wazungu yanayofadhili wasichana wa Kongo hayakuwa mengi, na kitabu cha namba za simu alikuwa nacho. Alikaa upande wa pili, ule usiotazama kituo, akaanza kuandika kwa penseli nyuma ya tiketi maneno ya kuanzia simu ya kesho.